SOMO: Mtoto anayejikwaa kila saa (miaka 2 hadi 5). Maji, mchanga, gunia, basi

Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Mwalimu, mwanangu anaanguka ovyo, nimnunulie nini?" Usinunue kitu. Nafundisha chekechea mwaka wa 11 huu, na naandika hapa mara moja ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Mtoto hajui mwili wake ulipo kwa macho peke yake. Ngozi inamwambia, misuli na viungo vinamwambia, na sikio la ndani linamwambia kama kainama au kasimama wima. Michezo hii kazi yake ni kuvipa vyote hivyo vitu vya kusema.

Hatua ya 1. Fagia uwanja, okota misumari na vigae. Viatu vivuliwe.

Hatua ya 2. Tandika njia ya miguu: mkeka, gunia, mchanga mkavu, mchanga uliolowa, nyasi, mwisho makumbi ya nazi. Apite ukimshika mkono, kisha peke yake, kisha kinyumenyume. Akishazoea, mpe kikombe cha maji nusu apite nacho bila kumwaga. Hapo utacheka, ila utaona kiuno kinavyoanza kujisawazisha.

Hatua ya 3. Mabeseni mawili, lenye maji kushoto, tupu kulia. Ahamishe maji kwa kikombe akitumia mkono mmoja, ili mkono uvuke mbele ya kifua. Kesho abadili mkono. Usiondoke hapo hata kwenda kuepua chai. Mtoto anazama kwenye maji ya kina cha vidole vichache, tena kimyakimya. Mkimaliza, mwaga yote.

Hatua ya 4. Abebe na asukume: kidumu cha lita moja, tairi kuukuu, ndoo ya mchanga kidogo.

Hatua ya 5. Beseni la kutafuta vitu bila kuangalia. Hapa nisomeni polepole, maana hapa niliharibu mimi. Mwaka wangu wa pili nilijaza beseni maharage makavu, nikaficha vijiko ndani, nikajiona mtaalamu. Watoto walifurahi mno. Siku ya tatu mama mmoja akaja: mwanawe wa miaka miwili na nusu anatoka kamasi tundu moja tu la pua, na zinanuka. Tukasema mafua. Ilikuwa harage. Lilikuwa limefyonza unyevu likavimba, na daktari alilitoa kwa shida huku mtoto ameshikwa na watu watatu. Hakuna aliyemwona akiliingiza, na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Kwa hiyo:
– Chini ya miaka 3, au mkubwa ambaye bado anatia vitu mdomoni: hakuna maharage, karanga, punje za mahindi, shanga wala visoda. Weka mchanga, ufiche viazi, ndimu, mwiko.
– Maharage mekundu mabichi yakitafunwa yanatapisha vibaya, hata kama hayajamkaba.
– Kitu kikiingia puani, usichokoe kwa kidole, usimwagie maji. Hospitali.
– Betri ndogo ya saa puani au tumboni ni dharura ya saa hiyohiyo, inaunguza nyama.

Hatua ya 6. Unga wa kufinyanga: ngano vikombe 2, chumvi 1, maji kama kikombe 1 (tia kidogokidogo), mafuta kijiko. Chumvi ni nyingi, si wa kula.

Hatua ya 7. Bembea na kuzunguka. Polepole, pande zote mbili, na akisema basi, basi.

MASWALI

Baba Pacha: Hii ni kwa umri gani?
— Soma kichwa cha somo.

Kibibi wa Pwani: Mwalimu samahani, huu si uchafu mtupu? Minyoo je?
— Watoto wangu wanaoga, mama. Lakini umegusa jambo, na nilipaswa kuliandika: safura huingia kwa ngozi ya miguu, na paka wanapenda mchanga kama choo. Chekecha mchanga, uweke kwenye beseni au boksi, ufunike kila jioni. Njia ya miguu isipite karibu na choo. Dawa za minyoo mpe kwa ratiba ya kliniki.

Nipo Maskati: Shikamoo mwalimu. Wangu ana mwaka na miezi 2, hatembei. Shemeji zangu wananitisha.
— Marahaba. Hayo mazoezi bado si yake, lakini usitishike. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vipimo vya watoto wa nchi tano, na Oman yako ilikuwemo pamoja na Ghana, India, Norway na Marekani. Kutembea peke yake kulianzia kama miezi 8 hadi miezi 17 na nusu. Akifika miezi 18 hajatembea, mpeleke. Akiacha jambo alilokuwa akiliweza, usingoje miezi, nenda sasa.

Fundi Mdogo: Si umnunulie kigari cha kutembelea tu?
— Hapana. Kanada wamepiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka ngazini. Na hakimfundishi kutembea.

Mama Neema: Wangu (miaka 4) akibeba ndoo anatulia kabisa, asipobeba anagonga watu. Kwa nini?
— Swali zuri, asante. Fumba macho, gusa pua yako. Umeipata bila kuangalia, kwa sababu misuli na viungo vinapeleka habari ubongoni mkono ulipo. Mzigo unaifanya habari hiyo iwe ya sauti kubwa. Nadhani wako anaisikia kwa mbali, ndiyo maana anaitafuta kwa kugonga. Mpe kazi kabla ya kumkalisha: ahamishe viti, asukume ukuta, akande unga wa chapati na wewe.

Baba Pacha: Mmoja hataki kugusa mchanga, nimemkandamiza mikono analia tu.
— Acha kumkandamiza! Mpe kijiko, achote. Wiki nyingine atie kidole. Asipotia, mwache na kijiko chake.

Chausiku: Kidokezo: unga wa kufinyanga utie binzari, unatoka njano safi. Ila mbwa asiule, chumvi inamdhuru sana.
— Na kanga zetu je, Chausiku?
Chausiku: Fua, anika juani ingali mbichi. Doa la binzari linafifia kwa jua.
— Hilo sikulijua. Nina magauni mawili ya kujaribia.