Wazee wanaokwenda kutembezwa London: maswali ya kuuliza kabla hamjalipa

Wazee wengi wa Mwanza wanaofunga safari kwenda London kumwona mtoto au mjukuu hukuta matembezi ya kuongozwa yameshalipiwa. Mtoto aliona picha ya Big Ben na jumba la mfalme, akabonyeza, akalipa. Hakuuliza ni kilomita ngapi, wala mama yake atasimama dakika ngapi bila kiti. Siku huharibikia hapo, na kosa hilo linazuilika mkiwa bado nyumbani, kama miezi miwili kabla.

Anzeni na umbali. Kampuni za utalii huandika "mwepesi" au "wastani", maneno ambayo hayampimii mzee chochote. Dai namba. Matembezi ya miguu ya saa mbili katikati ya London kwa kawaida hufika kilomita 3 hivi, karibu sawa na urefu wa Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi. Andikieni kampuni ujumbe mfupi: ni kilomita ngapi, vidato vya ngazi vingapi, mnasimama mara ngapi na kwa muda gani, kuna benchi wapi, choo kipo baada ya dakika ngapi, kundi lina watu wangapi, na anayeshindwa katikati anafanyiwa nini. Wakijibu kwa namba, ni watu wanaoijua njia yao. Wakijibu "msiwe na wasiwasi", tafuteni wengine.

Kisha jipimeni hapa hapa. Vaeni viatu mtakavyosafiri navyo, washeni kipimo cha hatua kwenye simu, mtembee barabara ya Capri Point asubuhi jua halijawa kali. Kilomita 3 ndani ya saa mbili si mwendo wa haraka, ila kila baada ya dakika kumi simameni dakika saba bila kuegemea kitu, kwa sababu mwongoza watalii ndivyo anavyofanya: anatembea kidogo, anasimama, anaeleza. Wengi hugundua kwamba kusimama kunawashinda kuliko kutembea. Damu hutuama miguuni, na mwenye kumeza dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu. Rudieni kesho yake. Goti likiuma siku ya pili, huo ndio ukomo wenu, chagueni matembezi ya nusu ya hapo. Viatu visiwe vipya: vivaliwe angalau wiki tatu, na viache nafasi kidogo mbele, kwani miguu huvimba baada ya saa nyingi za ndege.

Ngazi zina hesabu yake. Kupanda hadi juu kabisa ya kuba la Kanisa Kuu la St Paul's ni vidato 528, na Monument, ule mnara wa kumbukumbu ya moto wa 1666, una vidato 311. Ghorofa moja ya kawaida mjini Mwanza ina vidato kama 18, kwa hiyo Monument ni kama kupanda ghorofa 17 kwa miguu. Chini ya kuba pale St Paul's, kanisa lenyewe linatosha kabisa. Msione aibu kukaa huko vijana wakipanda.

Mtego mkubwa zaidi ni treni za chini ya ardhi, maana matembezi mengi huanzia au kuishia kituo cha treni, na vituo vingi havina lifti ya kumfikisha mtu mpaka kwenye treni. Tazameni ramani rasmi ya treni hizo. Alama ya kiti cha magurudumu ndani ya duara la bluu maana yake hakuna ngazi kutoka barabarani hadi ndani ya behewa. Duara jeupe maana yake mtafika jukwaani bila ngazi, lakini kati ya jukwaa na behewa kunaweza kuwa na pengo au kidato. Kituo kisicho na alama, chukulieni kwamba kina ngazi. Basi la kawaida ni salama zaidi kwa goti bovu: sakafu iko chini, lina ubao wa kupandishia kiti cha magurudumu, na viti vya mbele wametengewa wazee. Dereva hapokei pesa taslimu tangu 2014, mnagusisha kadi.

Yale mabasi ya watalii yenye paa wazi yanafaa siku ya pili, mwili ukiwa bado na uchovu wa safari. Siku ya kwanza msipange kitu. Tahadhari ni mbili: ngazi ya kupandia juu ni nyembamba na haipandwi basi likiwa linatembea, na ndani hakuna choo, ilhali mzunguko mzima huchukua zaidi ya saa mbili. Anayemeza dawa ya kukojosha asubuhi asikae humo bila mpango. Ongeeni na daktari wenu wa kliniki kabla ya safari kuhusu saa ya kumeza siku za matembezi. Msiiache wala kuihamisha kwa uamuzi wenu. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au glibenclamide, abebe pipi au juisi yenye sukari mfukoni. Kutembea kunashusha sukari, na chakula cha mchana cha kundi huchelewa.

Tunayoipendekeza kuliko zote ni boti ya mto Thames kutoka Westminster hadi Greenwich. Mmekaa, choo kipo, na aliyezoea meli ya kwenda Nansio hatatishika na maji yale. Ila kituo cha kale cha kuangalia nyota, ulipo mstari wa longitudo sifuri, kipo juu ya kilima kikali. Ulizeni kama matembezi yanapanda huko. Mabadiliko ya walinzi pale Buckingham, jumba la mfalme, yaacheni kama hamwezi kusimama saa nzima kwenye msongamano, hakuna viti.

Kundi la watu 25 halimfai asiyesikia vizuri, isipokuwa kampuni inatoa vifaa vya kusikilizia masikioni. Kiswahili msikitegemee. Wakiwa wazee wanne na mtoto mmoja wa kutafsiri, ulizeni bei ya mwongozaji binafsi aliyesajiliwa, muigawe kwa vichwa: mara nyingi tofauti hupungua kuliko mlivyodhani, na atakwenda kwa mwendo wenu. Matembezi yanayotangazwa kuwa ya bure hulipwa kwa bakshishi mwishoni, na makundi huwa makubwa.

Jumapili kanisa la Westminster Abbey halipokei watalii, ila ibadani mtu yeyote anaingia bila malipo. Kwa mzee wa kanisa, kukaa na kusikiliza kwaya pale kunaweza kuwa bora kuliko ziara yenyewe.

Msilipie chochote kisichorudishwa kabla viza haijatoka. Chagueni tiketi inayoruhusu kughairi hadi saa 24 kabla, na bima ya safari itaje presha na kisukari kwa majina. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni mwanga upo hadi baada ya saa tatu usiku. Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya wazee.

Saa nazo zihakikiwe. Tiketi ikiandika 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi, na mzee aliyeambiwa "saa kumi" kwenye simu atafika kundi limeshaondoka. London iko nyuma ya Mwanza kwa saa mbili majira ya joto na tatu majira ya baridi. Kila mzee awe na karatasi mfukoni yenye anwani anakofikia, namba ya mwenyeji inayoanza na +44, orodha ya dawa, na 999 ya dharura. Kubalianeni kabla ya kutoka nyumbani: anayepotezana na kundi asitembee kulitafuta, asimame pale pale alipowaona mwisho.