Zoezi la rangi la Black Mountain: rangi moja ionekane mbili

Chuo cha Black Mountain, North Carolina, Marekani, kilichoiweka sanaa katikati ya masomo yake, kilidumu tangu 1933 hadi 1957 tu. Anayetafuta athari zake kwa kulinganisha mitindo atapotea: mchoraji Robert Rauschenberg na mchongaji Ruth Asawa wote walifundishwa huko na Josef Albers, msanii na mwalimu wa rangi, na kazi zao hazifanani hata kidogo. Walichotoka nacho ni jicho la kutilia shaka kile linachoona. Jicho hilo hunolewa kwa mkasi.

Andaa karatasi za rangi zisizong'aa (manila inatosha), mkasi, rula na gundi ya kijiti. Gundi ya maji hukunja karatasi. Rangi ya brashi iache. Ukiichanganya mara ya pili hairudi ileile, na hapa ni lazima iwe ileile. Ndiyo maana Albers alipendelea karatasi.

Kata usuli mbili (karatasi za kuwekwa nyuma) za sentimita 15 kwa 15, moja ya njano, nyingine ya buluu iliyokoza, uzilaze ubavu kwa ubavu. Kisha kata vipande viwili vya sentimita 2 kwa 2 kutoka karatasi moja ya kijani kilichopooza, mfano wa majani yanayokauka. Weka kimoja katikati ya kila usuli, bila gundi kwanza. Juu ya njano kitaonekana kimekoza na kuvuta kwenye ubuluu. Juu ya buluu kitachangamka na kuvuta kwenye unjano. Usuli hukipunguzia kipande sifa ambayo vyote viwili vinayo: njano hupunguza unjano, buluu hupunguza ubuluu.

Bado vinafanana? Badilisha kijani kwanza, tena na tena. Uvumilivu huo ndio somo lenyewe. Rangi kali kama nyekundu ya bendera haiyumbi kirahisi. Kipande cha sentimita 8 nacho hakiyumbi, kwa kuwa usuli unaokizunguka umebaki mwembamba. Ukingo ulioinuka hutupa kivuli, na taa ya njano huifubaza buluu, kwa hiyo kaa dirishani mchana.

Watazamaji watabisha. Toboa kadi nyeupe matundu mawili madogo kuliko vipande, ufunike usuli zote: rangi itarudi kuwa moja palepale.

Ukifaulu, geuza zoezi: rangi mbili zionekane moja. Chagua mbili zinazokaribiana. Yenye weupe na unjano zaidi iende kwenye usuli wa njano, nyingine kwenye buluu.