Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Mwimbaji wa Pop wa Nepal

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, shughulikia tarehe, kwa kuwa hapo ndipo wasifu wa wasanii wa Nepal huharibikia mara nyingi. Nchi hiyo hutumia kalenda ya Bikram Sambat, ambayo mwaka wake huanza katikati ya Aprili kwa mwezi wa Baishakh, na jalada la kaseti linaweza kutaja mwaka wa kalenda hiyo bila maelezo yoyote. Kwa tarehe zinazoangukia kati ya Baishakh na mwisho wa Desemba, punguza 57 kutoka mwaka huo ili upate mwaka wa kalenda ya kawaida; kwa zile za Januari hadi mwaka wa Kinepali unapokwisha, punguza 56. Mchukue Narayan Gopal, ambaye hakuwa mwanapop, ingawa waimbaji waliomfuata bado hupimwa kwa sauti yake: alizaliwa Kathmandu tarehe 18 Ashoj 1996, yaani 4 Oktoba 1939, akafariki tarehe 19 Mangsir 2047, yaani 5 Desemba 1990. Lakini msanii aliyezaliwa mwezi wa Magh wa mwaka huohuo wa 2047 alizaliwa 1991. Mwezi wa Poush ndio wenye mtego, maana huanza Desemba na kuishia Januari, kwa hiyo usiukokotoe bila kuijua siku yenyewe.

Tarehe zikishakaa sawa, tafuta mlango ambao mwimbaji wako aliingilia, kwani huo utakueleza mengi kuliko ile habari ya kupenda muziki tangu utotoni, ambayo kila msanii duniani huisimulia. Radio Nepal ilianzishwa 1951, na kwa miongo mingi aliyetaka kurekodi hapo alilazimika kwanza kufaulu mtihani wa sauti. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, na Nepal Television ilipoanza 1985, milango iliongezeka. Om Bikram Bista, anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa pop ya Kinepali, ni wa kizazi hicho. Mfumo wa vyama vingi uliporejea 1990, na Radio Sagarmatha ilipoanza kurusha matangazo 1997 ikiwa redio huru, vituo vya FM vilivyofuata viliwapa vijana wa magitaa nafasi kubwa hewani. Mwimbaji wa 1975 na wa 1999 hawawezi kuandikiwa sura ya kwanza inayofanana.

Usimpe mwimbaji sifa zisizo zake. Katika nyimbo za Kinepali hutajwa mambo matatu, kila moja na jina la aliyelifanya: shabda, yaani maneno, sangit, yaani muziki, na swar, yaani sauti. Yanakili yote matatu kwa kila wimbo unaoutaja.

Majina nayo yana hila zake. Kwa kuwa huandikwa kwa hati ya Devanagari, jina moja huweza kuonekana kwa tahajia mbili au tatu za Kilatini. Chagua ile anayoitumia msanii mwenyewe. Gurung au Tamang ni majina ya jamii nzima, wala hayathibitishi udugu. Tena, usidhani kwamba kila anayeimba Kinepali alizaliwa Nepal: Amber Gurung, aliyetunga muziki wa wimbo wa taifa uliopitishwa tarehe 3 Agosti 2007, alizaliwa Darjeeling, nchini India.