Betri za kuchaji kwenye treni ya kuchezea, hiyo 1.2V isikutishe
Betri ya kuchaji ya NiMH imeandikwa 1.2V, alkalaini (ile ya kawaida ya kutupa) 1.5V, basi watu wanadhani treni itakuwa goigoi. Wala! Alkalaini ina 1.5 ikiwa mpya tu, mota ikianza kuvuta inashuka mdogo mdogo hadi chini ya 1.2, wakati NiMH inakaa palepale karibu muda wote halafu mwishoni inakata ghafla. Ukitaka kupima usipime betri imekaa tu, itakudanganya, washa treni, zuia magurudumu kidogo kwa kidole ndo uguse ncha za kila betri na mita ya kupimia volti. Ikisoma chini ya 1.0 kachaji. Ila ile lithiamu 14500 yenye saizi ya AA usithubutu, ni 3.7V hiyo, utaunguza mota.