Pesa ya Ufundi Unapofunga Shokapu Mpya: Namna ya Kupatana na Mambo ya Kukagua

Bei ya ufundi wa miguu ya gari (shokapu, springi na amu zake) hufuata njia ya kukifikia kifaa, hata kifaa chenyewe kiwe cha bei ndogo. Chukua mauntingi, ile raba yenye beringi inayokaa juu ya shokapu ya mbele. Kuibadili ni lazima tairi litoke, bomba la breki liachiliwe kwenye shokapu, bolti mbili za chini na nati tatu za juu zifunguliwe, springi ibanwe, kisha nati ya katikati itolewe. Kubadili shokapu yenyewe ni kazi hiyohiyo, hatua kwa hatua. Ukifunga shokapu leo ukaacha mauntingi ya zamani, ikianza kugonga baada ya miezi mitatu utalipa ufundi uleule upya, wote. Wenye magari wengi hupoteza hela hapa kuliko kwenye cha juu wanachowekewa dukani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jua kazi ni ya saa ngapi. Makadirio haya ni ya fundi mzoefu, gari lisilo na kutu, vifaa vyote vikiwa tayari:

- Shokapu mbili za mbele zilizozungukwa na springi (Corolla, Noah, Forester): saa 2 hadi 3.
- Shokapu mbili za nyuma, springi ikiwa imekaa pembeni yake: kama saa 1.
- Shokapu za nyuma zilizozungukwa na springi, nati za juu zikiwa ndani ya gari nyuma ya kiti: saa 2 hadi 3.
- Stabilaiza linki mbili (vifimbo vinavyounganisha stabilaiza, ile fimbo ya kuzuia gari kulala kwenye kona, na mguu wa tairi): nusu saa hadi saa 1.
- Kontroli amu moja ya chini (mkono wa chuma unaoushika mguu wa tairi): saa 1 hadi 1.5. Kwenye baadhi ya magari madogo bolti ya mbele haitoki mpaka krosimemba (chuma kikubwa cha chini kinachokatiza gari) ishushwe, na hapo muda huongezeka maradufu.
- Springi za mabamba za nyuma za Hilux, pande zote mbili: saa 3 hadi 4.
- Seti kamili ya kuinua Prado au Hilux, mbele na nyuma: saa 5 hadi 8.

Gereji nyingi hazitozi kwa saa, hutaja jumla. Hata hivyo igeuze jumla hiyo kuwa saa ndipo uweze kulinganisha. Tuseme gereji moja inataka shilingi 60,000 za Tanzania kwa shokapu mbili za mbele, bila kuhesabu kitu pembeni, na kazi ni saa 2.5. Hiyo ni 24,000 kwa saa. Ya pili inataka 45,000, lakini kufungua linki inahesabu pembeni 10,000 na kubadili mauntingi 20,000. Ya pili inakutoza 75,000, na mauntingi imekutoza kwa kazi ambayo tayari umeilipia. Mauntingi, stopa ya raba na buti la vumbi (kifuniko cha fimbo ya shokapu) vikiwekwa wakati shokapu imeshafunguliwa, haviongezi zaidi ya dakika chache. Sema hivyo unapopatana, bila ukali. Fundi anayejua kazi yake hatabishana.

Uliza pia kama bei ina VAT. Gereji yenye kutoa risiti ya EFD (mashine ya kodi) inaweza kukutajia bei bila kodi, na kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Kwa kazi kubwa tofauti hiyo ni hela ya kutosha.

Kutu ndiyo inayoharibu makadirio yote. Magari yaliyotumika Japani sehemu za theluji hupita kwenye barabara zenye chumvi, na yakifika Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hukutana na hewa ya bahari. Bolti ya kontroli amu hushikana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi (raba yenye ganda la chuma inayokaa kwenye maungio ya amu), kisha ikizungushwa inazunguka na bushi yote. Prado inajulikana sana kwa hili: bolti za chini zenye kisahani cha kurekebisha kemba (mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje) zikishika, hazitoki ila kwa kukatwa kwa grenda au moto, na ukishazikata lazima ununue bolti mpya na bushi mpya. Kazi ya saa moja inakuwa ya nusu siku. Siku moja kabla, zipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu, jioni na tena asubuhi. Na mkubaliane mapema: bolti ikikatika kwa sababu ya kutu, nani analipa bolti na nani analipa muda. Kwa kawaida bolti ni ya mwenye gari. Muda wa ziada utajiwe kiwango kabla grenda haijawashwa.

Kwenye bushi za kontroli amu kuna uamuzi wa hela. Bushi peke yake ni nafuu, ila inahitaji presi (mashine ya kukandamiza), na kuingiza bushi kwa nyundo huipinda ganda lake la chuma ikaanza kutembea ndani ya amu. Kama boljointi (kiungo cha duara kilicho mwisho wa amu) nayo imelegea, amu nzima mpya yenye bushi na boljointi mara nyingi inakuja karibu sawa kwa jumla, kwa kuwa ufundi wa presi umeondoka. Piga hesabu zote mbili ukiwa bado dukani.

Sasa kazi yenyewe. Kaa karibu uangalie, kwa sababu makosa ya miguu hayaonekani siku ya kwanza.

Kabla gari halijainuliwa, pima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa fenda, kona zote nne, uandike. Gari likishainuliwa lazima likae kwenye stendi, jeki peke yake haitoshi. Kalipa (kifaa kinachobana breki) ikifunguliwa ifungwe kwa waya kwenye bodi; ikining'inia kwa bomba lake, bomba hupasuka kwa ndani bila kuonyesha dalili nje. Waya wa sensa ya ABS nao ufunguliwe kwenye kishikizo chake kabla shokapu haijavutwa.

Springi ibanwe kwa vibanio viwili vilivyokaa pande mbili zinazotazamana, vikikazwa kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule. Kuifunga kwa kamba au kuifungua huku mtu ameikalia ni kucheza na maisha ya mtu. Fundi asiye na vibanio, mpe kazi nyingine, hii isiwe yake.

Nati ya katikati ndipo shokapu mpya nyingi zinapokufa. Fimbo ya shokapu inazunguka wakati wa kukaza, na fundi mwenye haraka anaishika kwa plaizi. Meno ya plaizi yanaacha mkwaruzo mdogo kwenye kromu ing'aayo, unaweza kuuhisi kwa kucha. Kila gari linapopanda na kushuka, mkwaruzo huo unapita kwenye sili na kuikata, na baada ya wiki chache unaona mafuta yamechuruzika mpaka chini. Duka litakataa dhamana, na lina haki. Ncha ya fimbo imetengenezewa mahali pa kushikia, kwa funguo ya allen au spana ndogo, na nati inakazwa kwa mkono. Mashine ya upepo isiguse hapo.

Shokapu mpya yenye mirija miwili isimamishwe wima na kusukumwa mpaka mwisho mara tatu hadi tano kabla ya kufungwa, ili hewa iliyoingia kwenye mafuta ikiwa imelazwa dukani itoke. Ncha ya springi ikae kwenye kikomo cha kikalio chake. Ikipishana, springi inalia kila unapokata kona.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue: bolti zote zinazopita kwenye bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake, au amu ikiwa imeinuliwa kwa jeki mpaka kimo kilichopimwa mwanzo. Raba ya bushi imegandishwa kwenye bomba la ndani. Ukiikaza mguu ukiwa unaning'inia, gari likishuka raba inabaki imesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Bushi ya miaka inachanika ndani ya miezi. Mteja analaumu kifaa feki, anarudi kulipa ufundi tena, na kosa lilikuwa dakika kumi za mwisho. Bolti za shokapu na nakili (chuma kinachobeba tairi) zikazwe kwa toki rinchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha gari hilo. Kwenye magari mengi madogo kipimo hicho kinazidi Nm 100, kwa hiyo mkono na spana fupi havifiki.

Kuinua gari kuna hesabu zake. Spesa (kipande cha kuinulia) inayowekwa juu ya mauntingi ya Corolla au Noah inainua karibu sawa na unene wake. Kwenye Prado na Hilux, ambako shokapu imekaa katikati ya amu, spesa ya milimita 25 juu ya shokapu inainua mbele karibu milimita 50. Wanaonunua ya 50 wakidhani ni sentimita tano wanaishia na shafti zilizokaa kwa pembe kali, mabuti ya CV (raba zinazofunika viungo vya shafti) kupasuka, na amu ya juu kugonga springi. Kazi ya kuinua ikisemwa imekamilika, bei iwe na mambo haya: bomba za breki zimekaguliwa usukani ukizungushwa mpaka mwisho pande zote, taa za mbele zimeshushwa, na kwenye Hilux au Prado yenye valvu ya breki inayosoma mzigo nyuma, fimbo ya valvu hiyo imerekebishwa. Nyuma ikipanda, valvu inaona gari halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Ni dakika kumi na tano tu, lakini wengi huiruka.

Springi za mabamba zina yubolti, bolti zenye umbo la U zinazoishika springi kwenye ekseli. Zinavutika zikikazwa, kwa hiyo za zamani zisirudishwe. Ziingie kwenye hesabu ya vifaa.

Baadhi ya Forester zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe. Ukiweka za kawaida, springi nazo zibadilishwe, maana zile za asili ni laini na nyuma itakalia chini. Ufundi unabaki uleule, kwa hiyo springi zinunuliwe siku ileile.

Alaimenti (kupanga pembe za tairi) ni lazima kila shokapu ya mbele au amu inapoguswa. Matundu ya bolti za shokapu yana nafasi kidogo, na nafasi hiyo inatosha kubadili kemba. Spesa inabadili na tou (tairi za mbele kuelekea ndani au nje kwa mbele). Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Bila karatasi, umelipia kunyooshewa usukani. Tairi mbili mpya zikilika upande mmoja ndani ya kilomita elfu chache zinagharimu kuliko alaimenti kadhaa.

Kuhusu nani anunue vifaa, kuna mizani. Ukinunua mwenyewe unaepuka cha juu, ila gereji itadhamini kazi yake tu, na kifaa kikiwa kibovu utalipa kufungua na kufunga upya. Gereji ikinunua, andikisheni kwamba kifaa kikifa ndani ya muda wa dhamana, ufundi wa kukibadili hautozwi tena. Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko punguzo la elfu kumi. Shokapu za zamani zirudishwe kwako, ndani ya maboksi ya zile mpya.

Mwisho wa kazi, fundi apige mstari wa rangi kuanzia kwenye nati kuvuka hadi kwenye chuma, kwa kila nati aliyoifungua. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 rudi gereji: mstari uliokatika unaonyesha nati iliyozunguka, na yubolti zikazwe upya kwa kipimo. Ziara hiyo iwe imo kwenye bei mliyopatana siku ya kwanza.