Picha za harusi pwani: namna ya kuomba idhini na kuitunza

Mteja akikulipa umpige picha, amekulipia kazi hiyo tu. Kuzipandisha Instagram ujitangaze ni ombi jingine, na sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inakutaka wewe uthibitishe kwamba ulikubaliwa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Hatua ya 1: Tenganisha ruhusa
Kabla ya kupokea malipo ya awali, weka maswali mbalimbali kwenye mkataba: ukurasa wangu? Albamu ya kuonyesha wateja? Wapambaji wakiziomba? Kila swali na Ndiyo na Hapana yake, na usimjazie. Bibi na bwana harusi wasaini wote wawili. Mjomba anayelipa gharama hawezi kumsainia bibi harusi, hata akikasirika.

Hatua ya 2: Usiku wa kupamba
Kupamba ni sherehe ya wanawake peke yao, na hapa ndipo penye kazi. Wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza kwa sababu wanajua hakuna mwanamume atakayewaona. Wapigaji wawe wanawake, na fundi wa taa pia. Huyu husahaulika sana. Simu za wageni zikiachwa mlangoni, na yako iache. Kadi ya kamera ya usiku huo isichanganywe na ya nikahi.

Halafu kuna mhariri. Kama ni mwanamume, mwambie bibi harusi kabla hajasaini, maana wengi hudhani picha hutoka kwenye kamera zikiwa tayari.

Bibi harusi anaweza kukuruhusu kwa picha zake. Wageni hawakusaini chochote, naye hawezi kuwasemea. Mimi sipandishi picha yoyote yenye mgeni wa kupamba. Ukitaka kuonyesha kazi, piga mikono yenye hina na piko, na hata hiyo uombe.

Hatua ya 3: Watoto
Mzazi au mlezi asaini. Basi.

Hatua ya 4: Kukabidhi
Mpe mwenyewe mkononi kwenye flashi, au kwa kiungo chenye nywila. Usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, ambalo nusu yake hata hawajui nani aliwaingiza. Picha za simu mara nyingi hubeba alama ya mahali zilipopigwa, kwa hiyo ifute kabla hujatuma zile za nyumbani kwao. Andika pia kwenye mkataba lini utafuta nakala zako.

Hatua ya 5: Akibadili nia
Sheria inamruhusu kuondoa idhini wakati wowote, na ndoa nazo huvunjika. Usimuulize sababu. Ziondoe, kisha mwandikie umeziondoa wapi na lini. Kama mpambaji alizichukua kwako, mpigie wewe. Usimwachie mteja kazi ya kuzisaka.