Jinsi ya Kukusanya Nyaraka za Utengenezaji wa Blade Runner, Hatua kwa Hatua

Mashabiki wengi wa Blade Runner, filamu ya Ridley Scott iliyotoka Juni 1982, hukimbilia mabango na bastola za plastiki. Mimi nakusanya makaratasi: skripti, ratiba za siku, memo, nakala za michoro. Humo ndimo unamkuta fundi wa taa, mshonaji na dereva wakifanya kazi, na kwangu hakuna kumbukumbu ya filamu inayozidi hiyo.

Hatua ya 1: Tengeneza kalenda kabla hujanunua chochote

Andika tarehe za uhakika. Hampton Fancher ndiye aliyeandika skripti za mwanzo. David Peoples aliletwa baadaye kuzirekebisha. Ipo skripti yenye majina yao wote wawili ya Februari 23, 1981. Upigaji picha ulianza Machi 9, 1981 na kumalizika katikati ya mwaka huo, huku kazi ya mifano ya majengo na magari yanayoruka ikisimamiwa na Douglas Trumbull na wenzake. Machi 1982 filamu ikaonyeshwa kwa majaribio Denver na Dallas. Karatasi yoyote unayouziwa lazima ipate mahali pake kwenye kalenda hii. Ikikosa, usitoe hela bado.

Hatua ya 2: Anza na ratiba za siku

Hizi ni karatasi walizogawiwa watu wa seti kuwajulisha kazi ya siku inayofuata: namba za matukio, mahali, waigizaji na saa ya kila mmoja kufika kwa ajili ya vipodozi, vifaa, magari. Zilichapwa nyingi na nyingi zikatupwa, ndiyo maana iliyobaki ina thamani, na bei yake kwa kawaida bado iko chini ya skripti.

Soma saa kwa makini. Matukio ya mtaani yalipigwa usiku, chini ya mvua ya kutengenezwa na moshi, kwenye mitaa ya bandia ya studio huko Burbank. Jengo la Bradbury, Los Angeles, nalo lilitumika usiku kwa sababu mchana lilikuwa na ofisi za watu. Ukiona ratiba ya mtaani inayowaita waigizaji saa 12 asubuhi, uliza maswali.

Geuza na upande wa nyuma. Hesabu za chakula au mchoro wa kalamu wa mtu aliyekuwa akisubiri mvua iwashwe si uchafu. Usifute.

Hatua ya 3: Kagua skripti ukurasa kwa ukurasa

Hapa ndipo feki nyingi hukamatwa. Hollywood, kurasa zilizorekebishwa hutolewa kwa rangi, kwa kawaida bluu, kisha waridi, njano, kijani na kuendelea, zikiwa na tarehe juu na nyota pembeni mwa mistari iliyobadilika. Skripti yenye tarehe na nyota hizo lakini yote nyeupe huenda ni fotokopi ya baadaye.

Pima karatasi: ya Kimarekani ni milimita 216 kwa 279, yenye matundu matatu. A4 haikutoka kwenye ofisi ya Burbank. Tafuta pia vivuli vya matundu vilivyochapwa kwa wino pale ambapo karatasi yenyewe haina tundu. Hiyo ni nakala ya nakala.

Halafu soma maneno. Neno "replicant", jina la binadamu bandia wa filamu hii, lililetwa na Peoples, kwa hiyo skripti inayodaiwa kuwa ya Fancher peke yake na tayari inalo ni ya kutiliwa shaka. Na Mary, replicant aliyeondolewa kabla ya kupigwa picha, anapaswa kuwemo kwenye ile ya Februari 1981.

Hatua ya 4: Mbane muuzaji kwa adabu

Omba picha za pande zote mbili, na uliza karatasi ilitoka kwa nani na alikuwa idara gani. Muuzaji mkweli hakasiriki. Maktaba ya Margaret Herrick, Beverly Hills, iliyo ya Academy inayotoa tuzo za Oscar, ina orodha yake mtandaoni. Itumie kujua kilichohifadhiwa humo.

Hatua ya 5: Hifadhi

Toa pini na klipu, zinaota kutu. Tumia mifuko ya poliesta, kamwe si ya plastiki ya PVC, na ulaze karatasi ndani ya boksi lisilo na asidi. Kwa walio Mombasa, Zanzibar au Dar, adui ni unyevunyevu: weka pakiti za "silica gel" zinazonyonya unyevu, zibadilishe zikishiba, na boksi lisiguse sakafu wala ukuta, mchwa hawabishi hodi.

Hatua ya 6: Skani na uandike

Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), jina la faili lianze na tarehe ya waraka: 1981-03-09. Kumiliki karatasi hakukupi hakimiliki ya maandishi yake. Na kabla ya kumwonyesha yeyote orodha ya wafanyakazi, ziba namba za simu na anwani za nyumbani. Wengine bado wanaishi palepale.